Marehemu walioko mbinguni wanaweza kufanya nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa msibani, kwenye jumuiya, kwenye mafundisho ya wakubwa, na mara nyingine kwa simu usiku wa manane na mtu aliyetoka kuzika. Mimi ni Mkatoliki. Nimeoa kwenye nyumba ya Walutheri, na rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza ni Msabato. Sitajifanya sina upande, ila nimejitahidi kueleza imani ya kila mmoja kwa namna ambayo mwenyewe angeisoma na kusema, "Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyoamini."

Wakristo wanabishania nini hasa?

Wanabishania mambo matatu, na karibu kila mara yanachanganywa. La kwanza: aliyekufa katika Kristo yuko macho sasa hivi, au amelala mpaka siku ya ufufuo? La pili: kama yuko macho, anatuombea? La tatu: kama anatuombea, sisi tuna ruhusa ya kumwita kwa jina na kumwambia atuombee?

Mtu anaweza kukubali la kwanza na la pili akakataa la tatu. Walutheri wa mwanzo walifanya hivyohivyo. Ubishi mwingi ninaousikia huenda kombo kwa kuwa mmoja anajibu la tatu na mwenzake anauliza la kwanza. Na wote, Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, tunapokiri Imani ya Mitume tunatamka "ushirika wa watakatifu". Maneno ni yaleyale. Tunaachana tunapoulizana ushirika huo unafanya kazi gani kaburi likishafunikwa.

Je, wafu wako macho au wamelala?

Wasabato wanasema wamelala, na hoja yao si ya kubezwa. Mhubiri 9:5 inasema walio hai wanajua ya kwamba watakufa, lakini wafu hawajui neno lolote. Bwana Yesu mwenyewe alisema, "Rafiki yetu Lazaro amelala," na Lazaro alipotoka kaburini siku ya nne hakusimulia lolote aliloliona. Paulo, akiwafariji Wathesalonike, hakuwaambia kwamba marehemu wao wako mbinguni wanawatazama, aliwaambia watafufuliwa. Kwa Msabato tumaini lote liko kwenye siku ile ya tarumbeta. Mashahidi wa Yehova nao hufundisha kwamba wafu hawana fahamu.

Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na wengi wa Waprotestanti hushika maandiko mengine. Paulo alitamani kuondoka "akae na Kristo", akasema ni vizuri zaidi sana (Flp. 1:23). Musa, aliyekuwa amekufa na kuzikwa, alionekana mlimani akizungumza na Yesu. Mwizi msalabani aliambiwa, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Msabato atakujibu kwamba Kigiriki cha zamani hakikuandikwa kwa alama za mkato, hivyo yawezekana kusoma: "Nakuambia leo, utakuwa pamoja nami." Kwa hiyo mpaka kwenye alama ya mkato kuna mvutano.

Hata Wanamatengenezo, waanzilishi wa Uprotestanti, hawakuwa na kauli moja. Luther alipenda kukiita kifo usingizi. Calvin, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika mwaka 1534 kitabu kizima cha kupinga fundisho kwamba roho inalala. Katika makanisa ya Kiprotestanti ya leo Calvin ndiye aliyeshinda: Ungamo la Westminster, la karne ya 17, linasema roho za wenye haki hupokelewa mbinguni na kuutazama uso wa Mungu, zikingoja ukombozi wa miili yao.

Vipi kuhusu tajiri na Lazaro?

Katika Luka 16 tajiri aliyekufa anawakumbuka ndugu zake watano na anawasihia. Upande mmoja husema: hapo wafu wana fahamu na kumbukumbu. Upande wa pili: ni mfano, na hata hivyo ombi la tajiri lilikataliwa. Mimi sijengi nyumba yangu juu ya andiko hili, na nakushauri usijenge.

Wanamwona Mungu sasa, au wanasubiri hukumu ya mwisho?

Swali hili liliwahi kumtikisa papa mwenyewe. Sikukuu ya Watakatifu Wote mwaka 1331, huko Avignon, Papa Yohane XXII alihubiri kwamba roho za wenye haki haziuoni uso wa Mungu mpaka ufufuo. Kwa sasa ziko chini ya madhabahu, zikitulizwa na ubinadamu wa Kristo. Wanateolojia wa Paris walimpinga waziwazi. Mzee yule alisema alikuwa akitoa maoni yake tu kama mwalimu, na Desemba 1334, akiwa kitandani anakata roho, aliyafuta. Mrithi wake, Benedikto XII, alifunga mjadala kwa Wakatoliki Januari 1336: waliotakaswa wanamwona Mungu sasa, uso kwa uso, kabla ya kurudishiwa miili yao.

Tazama kilichokuwa hatarini. Kama Petro na Maria hawajamwona Mungu bado, kuwaomba watuombee kunakuwa na msingi gani? Namna watakatifu wanavyoweza kutusikia, kama utakavyoona mbele, imejengwa juu ya jibu la 1336.

Wanayaona yanayotupata hapa duniani?

Swali hili huulizwa kwa machozi kuliko mengine yote: "Baba anaona kwamba nimemaliza chuo? Anaona nilivyogombana na kaka?"

Aliyelijibu kwa uaminifu kuniridhisha ni Mwafrika, Agostino wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo. Paulino wa Nola alimwuliza kama kuna faida mtu kuzikwa karibu na kaburi la shahidi, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, na katika jibu lake Agostino akagusa jambo la moyoni mwake mwenyewe. Alisema kama roho za wafu zingekuwa zinashiriki mambo ya walio hai, basi mama yake Monika asingekosa kumtembelea hata usiku mmoja, yeye aliyemfuata mwanawe nchi kavu na baharini ili akae naye. Na mbona haji? Mama ambaye hakuweza kumwona mwanawe na huzuni akanyamaza, je, amegeuka kuwa mkatili kwa kuwa sasa ana maisha ya heri zaidi? Agostino hakuweza kuliamini hilo. Akamalizia kwamba wafu kwa kawaida hawajui yanayotendeka hapa; akamtaja Isaya: "Ibrahimu hatujui, wala Israeli hatukiri" (Isa. 63:16).

Lakini hakuishia hapo. Alisema wanaweza kujua kile Mungu anachotaka wakijue: kupitia malaika, au kupitia wale wanaokufa na kwenda kuwapa habari, au kwa Roho kuwafunulia. Mashahidi nao huwasaidia watu kwa uwezo wa Mungu, si kwa maumbile yao kama wafu. Namna gani hasa? Alikiri kwamba jambo hilo linazidi akili yake.

Wengine hutaja Waebrania 12:1, "wingu kubwa la mashahidi namna hii linatuzunguka". Andiko hilo ni zuri, lakini neno "mashahidi" pale laweza kumaanisha watu walioishuhudia imani kwa maisha yao, si watazamaji walioketi jukwaani. Uzito zaidi uko Luka 15, kwamba kuna furaha mbinguni kwa mwenye dhambi mmoja atubuye. Furaha hiyo inataka mtu awe amepata habari.

Je, wanatuombea?

Hapa pande zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Katika Ufunuo 6 roho za waliochinjwa zinalia, "Hata lini, Ee Mola?" Hiyo ni sala, na inahusu dunia. Katika 2 Makabayo 15 Yuda Makabayo anaota nabii Yeremia, aliyekufa zamani, akiwaombea watu na mji mtakatifu. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya Kikatoliki na ya Kiorthodoksi. Waprotestanti hawakihesabu kuwa Maandiko.

Sasa sikiliza Walutheri. Katika Utetezi wa Ungamo la Augsburg, mwaka 1531, Melanchthon, mwenzake Luther, alikubali kwamba malaika wanatuombea, na kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea Kanisa lote kwa ujumla, kama walivyoliombea wakiwa hai. Aliongeza tu kwamba ushahidi wa Maandiko ni ndoto ile ya Makabayo peke yake, na kwamba kutokana na hilo haifuati kwamba waitwe. Nilipomsomea baba mkwe wangu, mzee wa kanisa wa miaka mingi, aliomba nirudie mara mbili. Na mimi nilikuwa nimekua nikiambiwa kwamba Walutheri wanawahesabu watakatifu kuwa mizoga.

Kwa upande wetu kuna watu waliokufa wakiwa wameahidi kazi hiyo. Isidori Bakanja, kijana wa Kongo, alipigwa mijeledi mpaka mgongo ukaoza kwa kuwa alikataa kuvua skapulari yake ya Bikira Maria, kitambaa cha ibada kinachovaliwa shingoni; aliyeamuru apigwe ni mzungu wa shamba la mpira. Wamisionari walipomsihi amsamehe, alisema amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alifariki tarehe 15 Agosti 1909, akatangazwa mwenyeheri mwaka 1994. Kila mara ninapoulizwa mbinguni kuna kazi gani, namfikiria yeye, na kazi aliyojipangia: kumwombea aliyemuua.

Kumwomba Maria au mtakatifu si kumwabudu?

Hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza. Tunamwomba Mungu mvua, na tunamwomba jirani chumvi. Neno ni lilelile. Mlokole akisikia kwamba Wakatoliki "wanamwomba Maria", anaelewa kwamba Maria amekalishwa kwenye kiti cha Mungu. Tofauti yote iko kwenye vijisilabi vichache: kuomba na kuombea. Isikilize Litania ya Watakatifu inavyoimbwa usiku wa Pasaka. Akitajwa Bwana, watu wanaitikia "utuhurumie". Akitajwa Petro, Paulo au Karoli Lwanga, wanaitikia "utuombee". Hakuna mahali ambapo Petro anaambiwa atuhurumie kwa mamlaka yake.

Hata hivyo, ndugu zetu Waprotestanti wana jibu, na lazima lisikiwe: msitusomee vitabu, tazameni mnayoyafanya. Mtu anampelekea mtakatifu fulani mtihani, mwingine ndoa, mwingine kesi ya shamba, na Kristo hatajwi hata mara moja. Luther aliyaona hayo kwa macho yake. Mtaguso wa Trento nao, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, Desemba 1563, uliposema kwamba kuwaomba watakatifu ni jambo jema na lenye faida, uliwaamuru maaskofu waondoe ushirikina wote na biashara chafu katika jambo hilo. Pia tazama maneno: "jema na lenye faida". Hausemi asiyefanya hivyo amepotea.

Lakini Biblia inasema mpatanishi ni mmoja!

Inasema: 1 Timotheo 2:5. Wakatoliki hujibu kwamba aya chache kabla, katika sura hiyohiyo, Paulo anaagiza dua na maombezi kwa ajili ya watu wote, kwa hiyo kuombeana hakumnyang'anyi Kristo nafasi yake. Ukiniomba nikuombee hujanifanya mpatanishi wa pili. Ubishi huu ni wa zamani: yapata mwaka 406 padre mmoja wa Galia (Ufaransa ya leo), Vigilansio, alifundisha kwamba tunaweza kuombeana tukiwa hai, lakini tukishakufa sala ya mtu haisikilizwi kwa ajili ya mwingine. Jeromu, mfasiri wa Biblia, alimjibu kutoka Bethlehemu kwa ukali mwingi: kama mitume waliweza kuwaombea wengine walipokuwa bado na wasiwasi wa nafsi zao, watashindwaje wakiisha kuvikwa taji?

Mprotestanti makini hataishia kwenye hiyo aya. Atakuambia: ndugu yangu aliye hai naweza kumfikia, naye Mungu ameniagiza nimwombe, ni wapi palipoagizwa nimwite aliyekufa? Hilo kwangu ndilo swali gumu kuliko yote, na sina aya moja ya kulijibu. Ninachokuwa nacho ni sala ya Kanisa. Kuna kipande cha papirasi kilichotoka Misri, kimehifadhiwa Manchester, chenye maneno ambayo bado tunayasali: "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi mtakatifu wa Mungu." Wataalamu hawakubaliani kuhusu umri wake, wengine wanakiweka karne ya 3, wengine baadaye sana. Asiyekubali kwamba desturi ya Kanisa inaweza kufundisha, papirasi hiyo haitambadilisha, nami namwelewa.

Mtu mmoja atawezaje kusikia maelfu wakisali kwa wakati mmoja?

Calvin aliuliza hivyo kwa maneno makali: nani aliyewafunulia kwamba watakatifu wana masikio marefu kiasi cha kutufikia? Jibu la Thoma wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, ni kwamba hawasikii kwa masikio, wala roho zao hazijaenea kila mahali kama Mungu. Wanamwona Mungu, na ndani yake wanaona yale yanayowahusu, zikiwamo sala zinazoelekezwa kwao. Kwa maneno mengine, Mungu ndiye anayewajulisha. Sasa unaona kwa nini jibu la 1336 ni nguzo. Mprotestanti huuliza: kama ni Mungu anayepeleka habari kwa Petro ili Petro amwombe Mungu, kwa nini uzunguke? Mkatoliki hujibu kwamba Mungu anapenda watoto wake washiriki kazi yake, mbinguni kama duniani.

Hii si sawa na kuita mizimu?

Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kutaka habari kwa wafu, na Sauli alipokwenda kwa mwanamke wa Endori ilikuwa usiku wake wa mwisho. Makanisa yote yanakubali katazo hilo. Kinachokatazwa ni kumpandisha mfu ili atoe siri: nani amemloga mtoto, mali imefichwa wapi. "Utuombee" haitaki jibu, haitaki habari, haiamrishi.

Hata hivyo kwetu Afrika Mashariki swali linauma kwa namna yake, maana babu zetu waliwatambikia wazee waliotangulia. Mtanzania Charles Nyamiti, padre na mwanateolojia, alitumia miaka mingi kulifikiri: alimweleza Kristo kuwa ndiye Mhenga wetu, na watakatifu kuwa wahenga ndani yake. Walokole wengi wanaona njia hiyo ina utelezi. Mimi naona ina faida kama hatusahau jambo moja: mzimu wa jadi ulihofiwa, ukatulizwa kwa pombe na damu usije ukadhuru. Mtakatifu hatulizwi kwa chochote, kwa sababu hana hasira nasi.

Waliochomwa Namugongo walikuwa Wakatoliki na Waanglikana. Mbona wanakumbukwa tofauti?

Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo nchini Uganda, vijana wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliteketezwa pamoja, Wakatoliki na Waanglikana. Paulo VI aliwatangaza watakatifu Wakatoliki 22 tarehe 18 Oktoba 1964, na katika mahubiri yake alisema wasisahauliwe wale wa Kianglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Leo madhabahu ya kumbukumbu ni mbili, jirani kwa jirani. Upande mmoja mahujaji wanamwambia Karoli Lwanga "utuombee". Upande wa pili wanamshukuru Mungu kwa ajili ya mashahidi na kuomba ujasiri kama wao. Nimesimama pale kati ya umati, na nilichokuwa nikijiuliza ni wao, waliofungwa kwa matete na kuchomwa pamoja, wanatutazamaje, kama wanatutazama.

Waanglikana wote wanakataa kuwaomba watakatifu?

Hapana. Kifungu cha 22 katika Vifungu 39 vya imani yao kinaikataa desturi hiyo, na katika maeneo yaliyoinjilishwa na CMS, wamisionari Waanglikana wa mrengo wa kiinjili, ndivyo ilivyo. Lakini UMCA, wamisionari Waanglikana waliojenga kanisa kuu la Mkunazini huko Zanzibar, walikuwa wa mrengo mwingine. Mwaka 1913 askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliandika barua ya wazi kwa askofu wa St Albans huko Uingereza. Mojawapo ya malalamiko yake ni kwamba padre alizuiwa kutoa huduma kwa kosa la kuwaomba watakatifu, ilhali waliotilia shaka mambo makubwa ya imani waliachwa.

Na Waorthodoksi?

Wanawaomba watakatifu katika kila ibada, kwa uhuru mkubwa, bila kueleza sana namna wanavyosikia.

Marehemu anaweza kunitokea ndotoni?

Agostino anasimulia kwamba mwalimu mmoja wa Karthago, Eulogio, alikwama kwenye fungu la Cicero, mwandishi wa Kirumi, alilopaswa kulifundisha kesho yake. Usiku akamwota Agostino akimweleza. Wakati huo Agostino alikuwa Milano, ng'ambo ya bahari, mzima wa afya, hajui lolote. Kama mtu aliye hai anaweza kuotwa bila kujua, alisema, basi hata marehemu. Kwa hiyo ukimwota mama amevaa nguo nyeupe anatabasamu, shukuru kwa faraja hiyo. Ukimwota anakuagiza uuze kiwanja, usiuze.

Wanaweza kutenda miujiza?

Kwa uwezo wao, hapana. Hilo hata Wakatoliki hufundisha. Mungu ndiye atendaye, mtakatifu ameomba. Ndiyo sababu kwa kawaida Kanisa Katoliki hutaka muujiza mmoja kabla ya mtu asiye shahidi kutangazwa mwenyeheri, na mwingine kabla ya kutangazwa mtakatifu: unachukuliwa kama ishara kwamba yuko kwa Mungu.

Mama yangu hakutangazwa mtakatifu. Naweza kumwomba aniombee?

Kwa Mkatoliki, ndiyo, kwa faragha yako. Katika ibada ya hadhara tunawataja waliotangazwa tu. Na kwa kuwa hujui kama bado anatakaswa toharani, mwombee pia: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Yote mawili yanaweza kutoka mdomoni mwako jioni moja. Mlutheri na Mpentekoste watakuambia mkabidhi mama kwa Mungu, halafu zungumza na Mungu mwenyewe. Msabato atakuambia mama amepumzika, hateseki wala hahangaiki, na sauti atakayoisikia kwanza ni ya Yesu.

Familia yetu ina madhehebu manne. Msibani tufanyeje?

Mfuateni marehemu: azikwe kwa taratibu za kanisa lake. Mjadala wa toharani usifanyike mbele ya jeneza. Asiyewaombea wafu asilazimishwe kuitikia, na anayewaombea asinyamazishwe nyumbani kwake. Mama mkwe wangu alipofariki, mchungaji aliongoza ibada na hakuna aliyemwombea marehemu hadharani. Tuliimba, tukasoma 1 Wathesalonike 4, tukazika. Rozari yangu niliisali usiku nikiwa nimerudi kwangu, na mke wangu akakaa kando yangu kimya mpaka nikamaliza.